Alikuwa Anaongea na Bibi Yake

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, na bado naishi kwa wazazi wangu hapa Bukavu. Chumba changu kina dirisha linalotazama milima ya Kabare. Wageni wakija husema nina bahati kuamka na kuona kijani kile kila asubuhi. Mimi pazia la dirisha hilo silifungui. Zamani mama alikuwa akilifungua anapofagia, siku hizi naye ameacha.

Nimesoma mikasa ya wengi, na kila mara nilijiambia, huyu dada alikuwa mjinga, mimi yasingenipata. Haya, leo zamu yangu imefika. Nitawaeleza jinsi neno moja, tena neno la kweli kabisa, lilivyonipokonya mwanaume niliyempenda... Mkimaliza kusoma mtaamua wenyewe mjinga alikuwa nani.

Naitwa Nsimire. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasoma kilimo katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini. Papa yangu ni mwalimu na katekista, mtu wa msimamo, asiyependa jina lake litajwe kwenye midomo ya majirani. Mama ni fundi wa cherehani. Hatukuwa matajiri, lakini hatukulala njaa.

Nilikuwa na rafiki mmoja, Esperance. Tulikuwa chanda na pete. Alipokuwa mdogo, vita viliwakimbiza wazazi wake wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaishi Kigoma miaka mingi. Aliporudi tulikuwa karibu kumaliza shule ya msingi, naye alikuwa anasema Kiswahili cha kule, kimenyooka kama cha redio. Tulimcheka uwanjani mpaka akakiacha! Nilimcheka kama wengine, ila mimi nilikuwa nampa nusu ya andazi langu, na urafiki wetu ulianzia hapo. Mpaka tunaingia chuo alikuwa anaongea Kiswahili cha Bukavu kutushinda sisi tuliozaliwa hapa. Likumbukeni hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nimelisahau.

Mwaka wetu wa tatu, chuo kilianzisha mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha kilimo cha Njombe, kusini mwa Tanzania. Wao walikuja kwetu muhula mmoja, na wenzetu wachache wakaenda kwao. Wageni waligawanywa katika familia. Mmoja wao, Festo, alipangiwa kwa akina Esperance, kule Ibanda.

Festo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Nilimkuta kwa rafiki yangu anaosha vyombo! Mgeni, mwanaume, anaosha sufuria huku maman wa Esperance akimwomba aache. Nilikaa jikoni nikawa namfutia vyombo, na nadhani mambo yalianza siku ile ile.

Tulipendana polepole, kwa heshima. Kila jioni baada ya masomo tulitembea pamoja mpaka karibu na kwetu, tukilinganisha Kiswahili chake na changu. Mimi nikisema sombe, yeye anasema kisamvu. Mimi lenga-lenga, yeye mchicha. Mimi madesu, yeye maharage. Tulicheka mpaka watu wanatugeukia barabarani. Siku alipokuja nyumbani mara ya kwanza alimwinamia papa akasema, "Shikamoo, baba." Papa akajibu, "Jambo sana, mwana." Alipoondoka papa aliniuliza yule kijana alikuwa anamwomba nini. Kwetu shikamoo haipo, nikamweleza kwamba ni salamu ya mkubwa, akapenda.

Najua sasa kosa letu lilikuwa wapi. Tulilinganisha majina ya mboga zote, lakini majina ya ndugu hatukuyafikia. Festo aliniambia wazazi wake walifariki akiwa mdogo, na kwamba alilelewa na mama mmoja mkulima wa viazi. "Mama aliyenilea," ndivyo alivyomtaja kila mara. Nilifikiri ni mama mdogo au jirani mwenye huruma, na sikuchimba zaidi kwa sababu nilimwona macho yanabadilika akimtaja. Alinipa skafu ya sufu, ya rangi ya udongo, akasema imefumwa nyumbani kwao kwenye baridi. Niliivaa kila siku. Hata jua likiwaka niliivaa!

Muhula ulipokaribia kwisha, Festo aliniambia hataki kuondoka kama mwizi. Alitaka kuja kwa papa Jumapili, kujieleza kwa adabu kwamba ana nia na mimi. Wazee wa kuja naye hakuwa nao, lakini angemwomba mama aliyemlea azungumze na papa kwenye simu siku hiyo hiyo. Nilimwambia mama. Mama alilia kidogo, halafu akaenda kuazima viti kwa jirani. Papa alijifanya hajali, ila nilimwona anapiga pasi suti yake ya Pasaka.

Mtu wa tatu niliyemwambia alikuwa Esperance. Alinikumbatia kwa nguvu. Alisema nina bahati. Nilisikia sauti yake imekauka kidogo, nikadhani ni mafua.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, Assistant Mugisho, mwalimu aliyekuwa anasimamia kikundi chetu, alipanga matembezi ya mwisho pamoja na wageni. Kutoka asubuhi, kupanda milima ya Kabare pale mashamba ya chai yanapoishia na mianzi inapoanza, kula huko juu, kurudi jioni. Safari ya siku moja, ya kufurahi. Mama alitukaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikajaa ndoo ndogo, akazifunga na mikate.

Tulipanda vizuri. Wenzetu wa Njombe walipanda kama wako kwao, wakatucheka sisi watu wa mjini tunaohema. Festo alinishika mkono pale palipoteleza mbele ya wote, na Assistant akageuza uso akitabasamu. Ziwa lilionekana chini, na mji wetu wote na zile rasi zake. Nilifurahi siku ile, wasomaji. Sitadanganya, ile asubuhi ndiyo furaha kubwa niliyowahi kuipata.

Huko juu kwenye mgongo wa mlima, simu zilishika mtandao ghafla, zote zikaanza kulia. Watu walikaa kula. Festo alisogea nyuma ya mianzi na simu yake. Baada ya muda Esperance naye akaamka, akasema anaenda kujisaidia. Alikawia. Aliporudi alikaa karibu na mimi, akachukua sambaza moja, akaigeuza geuza bila kuila.

"Nsimire, hii neno sipendi kukuambia," alisema polepole.

Nilimuuliza neno gani.

"Festo iko kule nyuma ya mianzi. Iko anaongea na bibi yake. Nimemusikia na masikio yangu. Anamuambia asilie, iko karibu kurudi."

Wasomaji wa Dar es Salaam, wa Mombasa, nawaona mnaanza kucheka. Msicheke bado! Kwetu Bukavu, bibi ni mke. Bibi ya mutu ni yule aliyemuoa, anayempikia na kulala naye. Mama wa mama yako sisi tunamwita koko. Nilizaliwa hivyo, nikakua hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mahali duniani ambapo neno hilo lina maana nyingine.

Nilihisi masikio yanaziba. Sikutaka kuamini. Nilinyanyuka nikaenda mwenyewe hadi kwenye mianzi, na Mungu wangu ni shahidi, nilimsikia kwa masikio yangu. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anasema, "Haya bibi yangu, nakupenda sana. Ujifunike vizuri, baridi ya huko naijua..."

Ujifunike vizuri! Mwanamke gani anaambiwa ajifunike vizuri? Nilimwona huyo mwanamke waziwazi, kijana, mzuri, amelala kwenye kitanda cha Festo. Pengine na mtoto pembeni. Na mimi mama yangu ameazima viti.

Alipogeuka akaniona, alitabasamu. Ndicho kilichoniua zaidi, lile tabasamu. Nilimuuliza pale pale, na sauti yangu ikawafikia wote waliokuwa wanakula.

"Festo, uko na bibi?"

"Ndiyo, nina bibi," alijibu bila hata kusita. "Nampenda kuliko mtu yeyote duniani. Kuna ubaya gani?"

Niambieni, ningefanya nini? Nilisikia watu wa kwetu wanaguna. Mmoja alisema "Ee Mungu" kwa sauti ya chini. Wenzake wa Njombe walikuwa wanatazamana tu, hawaelewi kwa nini tumekunja nyuso. Niliivua ile skafu shingoni, nikaitupa kwenye matope miguuni mwake.

"Basi enda kwa bibi yako," nilimwambia. "Hapa kwetu watu ya namna yako hatuwataki."

Tabasamu lake lilizimika. Hakujibu. Alisimama akinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Kimya chake nilikichukua kuwa ushahidi. Baadaye, baadaye sana, nilikuja kuelewa alichokuwa amesikia. Kule kwao, kijana aliyelelewa na mama wa mama yake huchekwa na wenzake. Mtoto wa bibi, wanamwita, yaani legelege, asiye na baba wa kumfundisha uanaume. Alikuwa amechekwa hivyo tangu utoto wake wote. Na mimi, mtu ambaye yeye alitaka kumuoa, nimemwambia mbele ya watu arudi kwa bibi yake.

Nilishuka peke yangu. Assistant aliniita nisimame, nikajifanya sisikii. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, ule ukungu wa mchana unaokuja bila kuaga. Sikuona njia tuliyopanda, nikafuata nyingine, nikateleza, nikanyanyuka, nalia kwa sauti kama mfiwa. Bahati yangu njia ile ilinitoa kwenye mashamba ya chai. Maman mmoja mchuma chai alinikuta, akaniingiza kwake, akanikalisha karibu na moto na kunipa viazi. Hakuniuliza kitu. Nilikaa pale nimejikunyata, nikimlaani Festo kwa kila kiazi nilichomeza.

Ukungu ulipoinuka nilitembea hadi barabarani palipokuwa na gari letu. Wenzangu walikuwa wameshashuka. Assistant aliponiona alishusha pumzi, halafu akatazama nyuma yangu.

"Festo iko wapi?" aliniuliza.

Nilisema sijui, si yuko na nyinyi? Esperance alianza kulia. Ndipo nikaambiwa kwamba nilipoingia kwenye ukungu, Festo aliiokota skafu kutoka kwenye matope akanifuata mbio. Assistant alimkataza. Alijibu kwamba yeye ukungu ameuzoea, lakini mimi ni mtu wa mjini.

Tulimtafuta jioni yote. Wachuma chai walitusaidia, wakiita jina lake huku na huku. Walimkuta ndani ya korongo, chini ya ile njia niliyoifuata. Alikuwa ameteleza pale pale nilipoteleza mimi, ila yeye hakusimama. Walimleta kwenye tipoyi ya mianzi waliyoifunga haraka, wanne wameibeba mabegani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika vibaya juu ya goti. Alikuwa ameufunga mwenyewe kwa ile skafu.

Walipompitisha mbele yangu alifungua macho. "Uko salama?" aliniuliza.

Na mimi niligeuza uso...

Ndiyo, niligeuza uso! Gari zima lilikuwa linanitazama, na kichwani mwangu nilikuwa nasikia neno moja tu, bwana ya mutu, bwana ya mutu. Nilikaa kiti cha mbele kabisa. Nyuma, Esperance alikishika kichwa cha Festo mapajani mpaka mjini.

Nyumbani nilisema yote. Papa alisikiliza, akaikunja suti yake, akairudisha sandukuni. Mama alirudisha viti kwa jirani kabla watu hawajauliza. Papa aliniambia jambo moja, kwamba binti yake hatakanyaga hospitali ile. Ninyi mnajua hospitali zetu zilivyo, mgonjwa lazima awe na garde-malade, mtu wake wa kumlisha, kumwogesha na kulala pale sakafuni karibu naye. Hiyo ni kazi ya mke au ya ndugu. Msichana akionekana anamchunga mwanaume wa mtu, mji mzima utajua kabla ya misa. Nilimtii papa. Kusema kweli, hasira zangu zilimtii papa kwa furaha.

Garde-malade akawa Esperance. Mgeni alikuwa wa kwao, nani angesema neno? Alimpikia uji, alimfulia, alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Alinipitia mara moja akiwa na thermos mkononi, akaniambia nisijali, atamchunga kwa niaba yangu. Nilimshukuru. Mjue hilo pia, nilimshukuru.

Wenzake wa Njombe waliondoka, yeye akabaki kitandani, namba zake zote zikiwa ndani ya simu iliyopotea mlimani. Karibu wiki nzima ilipita. Ndipo wachuma chai walipoiokota simu yake kwenye korongo, wakaipeleka chuoni. Assistant Mugisho, ambaye hakujua kama sijakanyaga hospitali, alinipa mimi nimpelekee. Niliiweka kwenye chaji chumbani, nikiwaza nimpe nani aipeleke. Haikukaa muda ikalia. Kwenye kioo palikuwa na neno moja, BIBI.

Mungu anisamehe kwa furaha niliyoipata. Nilisema huyu leo atanisikia. Nilipokea.

"Bwana yako iko ku hopitali," nilimwambia. "Kuja umuchunge wewe mwenyewe."

Sauti ikaja, sauti ya kizee, ya taratibu, yenye kukwaruza.

"Bwana yangu? Bwana yangu alishakufa siku nyingi, mwanangu. Mimi namtafuta mjukuu wangu, Festo. Hospitali gani tena?"

Mjukuu.

Nilikaa kitandani. Nilimuuliza yeye ni nani wa Festo. Akasema yeye ni bibi yake, mama wa mama yake, amemlea tangu ananyonya. Halafu, kama anayenusa kitu, akaniuliza, "Wewe siyo Nsimire?"

Nilisema ndiye mimi, na kwamba Festo amevunjika mguu ila yuko hai, anatibiwa.

Yule mama alifurahi! Alisema Festo alimpigia akiwa juu mlimani, akamwambia bibi, nimepata mtu, Jumapili utaongea na baba yake. Na yeye alilia kwa furaha, mpaka Festo akamwambia asilie. Tangu siku hiyo simu haikupatikana tena, na Jumapili alikaa amevaa vizuri, anasubiri ilie. Akaniuliza kama ile skafu aliyonifumia ilinitosha, maana alikisia tu.

Sijui nilijibu nini. Najua nilitoka nyumbani bila viatu vya maana, na ndala zangu zikakatika njiani, nikaingia hospitali peku.

Nilimkuta Festo ameegemea mto, mguu umening'inizwa. Esperance alikuwa anamlisha uji. Nilipiga magoti nikaeleza kila kitu, kwamba kwetu bibi ni mke, kwamba Esperance ndiye aliyeniletea neno, kwamba nilikufa pale mlimani. Festo alinisikiliza mpaka mwisho. Mabega yake yalitikisika mara moja, nikadhani anacheka kama zamani, lakini hakuwa anacheka.

Alimgeukia Esperance akamuuliza alisema nini. Esperance aliweka kijiko chini kwa utulivu.

"Nilisema iko anaongea na bibi yake. Si ni kweli? Nilijua Nsimire anamujua. Mutu unamupenda, unataka akuoe, hujue bibi yake?"

"Ni kweli," Festo alisema. "Nilikuwa naongea na bibi."

Mnaona? Hakuna hakimu duniani ambaye angemfunga. Hakusema uongo hata nusu.

Nikasema basi nisamehe, lilikuwa neno tu. Festo akaniambia, bila ukali, maneno ambayo nayajua kwa moyo mpaka leo.

"Neno nimelisamehe tayari, Nsimire. Lakini hata kama ningekuwa na mke, nilianguka nikikutafuta wewe. Siku zote hizi hukuja hata kuuliza kama nimekufa."

Nilitaka kumwambia papa alinikataza. Nikaona aibu kumtaja papa. Simu ikalia tena mkononi mwangu, BIBI. Kabla sijajua nifanye nini, Esperance alinyoosha mkono akaichukua, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Ndiyo, ni mimi Esperance. Anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi kabisa."

Kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redio! Sikuwa nimemsikia akikisema tangu tukiwa watoto uwanjani. Na kutoka kwenye simu nilisikia kile kicheko cha kizee, cha mtu anayeitambua sauti. Esperance na yule bibi walikuwa wanazungumza tangu muhula ulipoanza, pale sebuleni kwao, kila Festo alipompigia. Alikuwa anajua kila kitu. Alijua bibi ni nani kule, na bibi ni nani huku, na alichagua nilisikie kwa sikio gani. Alinitazama mara moja akiwa bado anaongea. Sikuona ushindi usoni mwake. Niliona yule mtoto tuliyemcheka, amesimama peke yake uwanjani.

Siwezi kusema kwamba namsamehe. Bado sijafika huko.

Yaliyobaki ni mafupi. Festo alipona, ila mguu mmoja ukawa mfupi, anachechemea. Alipokuwa tayari kusafiri ilihitajika mtu wa kumsindikiza mpaka Njombe. Mnajua alikuwa nani. Mwaka uliofuata wazee wawili walikuja kutoka kule, wakatoa mahari kwa akina Esperance kwa heshima zote, na wawili hao wakabarikiwa parokiani kwetu. Papa yangu, katekista, ndiye aliyewafundisha mafundisho ya ndoa. Hakuweza kukataa. Alirudi nyumbani akakaa uani muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi pia nilisikia neno moja tu." Ndiyo mara pekee ameniomba radhi maishani mwake.

Yule bibi wa Njombe hunipigia mara chache, hasa wakati wa baridi. Ananiuliza kama nimeolewa. Nimejifunza kusema shikamoo, naye hujibu marahaba taratibu, kama anayenifunika blanketi. Hatumtaji Festo.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Mkipenda mtu wa mbali, msiishie kwenye majina ya mboga. Muulizeni anamwita nani mama yake, anamwita nani mama wa mama yake, anamwita nani mke. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi niliuliza, tena mbele ya watu, nikajibiwa ndiyo. Kumbe nilitakiwa kuuliza mara ya pili! Na mtu akikuletea neno la mpenzi wako, mtazame mletaji kabla hujalitazama neno. Lakini juu ya yote, mpenzi wako akilala hospitali, nenda. Hata akiwa na hatia, nenda. Ukamgombeze akiwa mzima, lakini kwanza nenda umuulize kama yuko hai. Mimi nilikula viazi karibu na moto wakati mtu anajifunga mguu kwa skafu niliyoitupa, kisha nikashindwa kuvuka mji huu mdogo kumwona.

Leo Festo ana bibi wawili. Mmoja ni bibi kwa Kiswahili cha kwao, mwingine ni bibi kwa Kiswahili cha kwetu. Na mimi ninayejua sasa maana zote mbili, si bibi wa mtu.